Mgongo wa Guka Mbugua

Siku ya kwanza kazini nilipewa beseni, kipande cha sabuni na matusi. Beseni na sabuni nilipewa na Matroni. Matusi yalitoka kwa mzee wa kitanda cha karibu na mlango. Nilimwamkia na heshima yote, na yeye akaniuliza kama mama yangu alinizaa ama aliniokota sokoni watu wakienda nyumbani. Nikacheka mpaka beseni ikanimwagikia viatuni. Dresa Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, na hakucheka.

Hapo ni Ruiru, miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya serikali ya wakoloni. Nyinyi mnaopita hapo siku hizi mnaona maploti na maduka tu. Wakati huo ilikuwa kahawa, kahawa, kahawa, na katikati ya kahawa kulikuwa na nyumba ndefu ya mawe na paa la mabati, zamani stoo, ambayo watu wa misheni waliigeuza kuwa nyumba ya wazee. Upande mmoja wanaume, upande wa pili wanawake, jikoni katikati, na veranda ndefu ya kuota jua. Wazee wenyewe walikuwa wale ambao mashamba yamewatumia mpaka yakamaliza, na ambao watoto wao wamekufa, ama wamefungwa, ama wamehamishwa na hakuna anayejua wamepelekwa wapi.

Mimi nilikuwa nimesoma praimari, nikaandika jina langu Karanja bila makosa, nikaambiwa natosha. Sikuwa nesi. Cheo changu kilikuwa "msaidizi wa wadi", maana yake ni mtu wa kubeba bedipani. Bedipani ni ile choo ya bati anayowekewa mgonjwa asiyeweza kuamka. Ukitaka kujua kama kijana ana adabu, mwangalie akiibeba ikiwa imejaa.

Tulikuwa na wakubwa wawili. Wa kwanza ni Matroni, mama mzungu mfupi, kiuno kimefungwa mkanda mpaka ungefikiri atakatika. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba. Aliniangalia mikono, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Mikono yako iko mzuri. Mdomo yako iko mrefu. Sisi natumia mikono."

Wa pili ni Dresa Mkuu, Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, aliyekuwa kwa jeshi la Kingereza huko Burma akifunga vidonda vya askari. Dresa, kwa wale hamjui, ndiye alikuwa nesi wa kiume wa siku hizo: anaosha kidonda, anafunga, anadunga sindano, anatoa dawa. Viatu vyake ungeweza kunyolea ndevu ukijiangalia. Alinipa sheria yake ya kwanza kabla hata sijafunga vifungo vya yunifomu.

"Bwana Karanja, hapa kila mzee wa kiume anaitwa Baba, na wa kike anaitwa Mama. Hakuna kusema 'wee'. Hakuna jina tupu. Mimi nimeona jeshini mtu wa mvi akiitwa boi na mtoto wa juzi. Kwa wadi yangu sitaki."

"Ndiyo, bwana. Na yule aliyenitukana?"

"Huyo hasa ndiye Baba."

Nilimheshimu kwa hiyo sheria, na mpaka leo namheshimu. Lakini hiyo hiyo sheria ndiyo karibu ituletee msiba, na nitawaeleza vile ilikuwa.

Kwanza niwaambie kazi. Watu wanafikiri kutunza mzee ni huruma. Huruma ni nzuri, lakini huruma haiwezi kumwinua mtu kitandani bila kumvunja. Ngozi ya mzee ni kama karatasi ya sigara. Ukimvuta kwa kwapa kama gunia, inabaki mkononi mwako. Tulifundishwa kusimama wawili, mmoja kila upande, tushike ile shuka nyembamba ya katikati, ile tuliita dro-shiti, tuhesabu pamoja, tumpandishe mzee nayo kama mtoto kwenye nguo. Chini yake kuna makintoshi, shuka ya mpira ya kuzuia maji, na hiyo makintoshi ikikunja hata kidogo, mzee atalala juu ya mkunjo huo kama amelala juu ya kisu.

Kulisha nilijifunza kwa aibu. Kulikuwa na mama mmoja hana meno, nami nikasimama juu yake na kijiko nikimpiga uji haraka haraka nimalize. Akanitemea usoni, shabaha kama ya polisi. Dresa Mkuu akaleta kiti. "Kaa. Mtu hali chakula akiangalia kifungo cha shati. Mwonyeshe uso. Ngoja ameze, uone koo limepanda na likashuka, ndipo ulete kingine." Nikakaa. Yule mama akala bakuli lote, na akaniambia sasa nimekuwa na akili ya mbuzi, kumbe mwanzo alinihesabu na kuku.

Lakini somo kubwa lilikuwa la mgongo, na hilo Matroni alilifundisha mwenyewe. Siku moja baada ya chakula cha mchana aliniita. "Karanja, lala hapa. Mgongo chini. Kama nataka kucheka, cheka. Lakini hapana geuka." Nikafikiri nimepewa ofu, yaani mapumziko. Nikalala, nikawapungia wenzangu mkono kama gavana. Baada ya muda kisigino kikaanza kuwaka. Halafu mfupa wa mkia. Halafu mabega. Nikaanza kujipinda kidogo, Matroni akanigonga na penseli. Jua likatoka dirisha moja likaingia lingine. Nilipokubaliwa kuinuka nilikuwa natembea kama mtu aliyepanda punda kutoka Murang'a.

"Sasa," akasema, "wewe naweza kuinuka. Mzee hapana weza. Wapi nauma?"

Nikamwonyesha: hapa, na hapa, na hapa.

"Hiyo ndiyo mahali kidonda nakuja."

Kidonda cha kitanda hakiletwi na uchafu peke yake. Kinaletwa na mfupa kukaa juu ya nyama muda mrefu mpaka damu ishindwe kupita. Kinaanza kama wekundu tu, mahali pa kukaa ama kwenye nyonga. Ukiuona wekundu na ukautoa uzito, unapona. Ukiudharau, ngozi inakuwa nyeusi, na chini ya ule weusi nyama inaoza kimya kimya mpaka mfupa. Dawa yake ya kwanza ni kumgeuza mzee kila masaa mawili, ubavu huu, halafu ule. Unamwosha mgongo na maji ya vuguvugu na sabuni, unakausha, unasugua na spiriti polepole, unamaliza na pauda. Ringi ya mpira iliyojazwa upepo unaweka chini ya makalio. Hivyo tu. Kazi ya mikono na ya kukumbuka.

Nikawa hodari. Sijisifu, ama najisifu, kwa nini nisijisifu? Nilikuwa namgeuza mzee na anaendelea na hadithi yake bila kukata.

Hapo ndipo wakaja Guka Mbugua na bibi yake, yaani mke wake, Cucu Wangari; guka ni babu kwa Kikuyu, na cucu ni nyanya.

Waliletwa na lori kutoka shamba la mkonge upande wa Ngoliba. Yeye alikuwa dereva wa magari ya ng'ombe maisha yake yote. Gari likampindukia, nyonga ikavunjika, ikajifunga vibaya, na tangu hapo hakusimama. Cucu alikuwa haoni, macho yamefunikwa na wingu jeupe, lakini masikio yake yalikuwa yanasikia sukari ikiyeyuka. Watoto wao wa kiume walikuwa wamechukuliwa na serikali, kila mmoja upande wake. Kwa hivyo walikuwa wawili tu duniani. Kila siku mchana nilikuwa namshika Cucu mkono, namtoa upande wa wanawake, namkalisha kando ya kitanda cha mzee wake. Wanagawana ugoro, wananusa, wanagombana juu ya ng'ombe waliokufa zamani.

Asubuhi ya kwanza nilienda na beseni langu. "Baba, umeamkaje? Nikugeuze kidogo nikuoshe mgongo?"

Akashika blanketi na mikono miwili. "Toka."

"Baba, ni maji ya moto tu."

"Nimesema utoke."

Nikamwita mwenzangu, akafukuzwa. Akaja Dresa Mkuu mwenyewe, na sauti yake ya kanisa: "Baba, ni kwa afya yako." Akafukuzwa kwa heshima kidogo, lakini alifukuzwa. Matroni alipokuja, yule mzee alijifunika mpaka kichwa, na chini ya blanketi tukamsikia akisema na Kikuyu kwamba ni afadhali afe. Bedipani alikuwa anajiwekea mwenyewe kwa shida, na usafi ukawa nusu nusu.

Siku zikapita. Halafu ikaja harufu. Mtu wa hii kazi anajua hiyo harufu kabla ya kuona kitu. Dresa Mkuu akaamua, tukamshika watu watatu, tukamgeuza kwa nguvu. Pale juu ya mfupa wa mkia kulikuwa na weusi mpana, kingo zake nyekundu, unatoa maji. Lakini mimi sikuangalia sana kidonda. Niliangalia uso. Yule mzee alikuwa analia, machozi bila sauti. Tangu hapo akaacha kula.

Matroni alikasirika, uso ukawa kama nyanya. "Hapana nguvu tena! Hapa hapana jela!"

Daktari wetu alikuwa anatoka Thika, Mhindi mpole, anakuja mara moja kwa wiki. Aliona, akatikisa kichwa. Akasema maneno ambayo Dresa Mkuu alimtafsiria mzee: kidonda kisipoanza kusafishika kabla ya daktari kurudi, gari la hospitali litakuja limpeleke mzee Nairobi, huko wamlaze na dawa, wakate nyama iliyooza.

"Na bibi yangu?" Guka akauliza.

Dresa Mkuu akainama karibu na kitanda. Cucu hakuwa mgonjwa wa hospitali, ni kipofu tu. Na siku hizo Mkikuyu kutoka Ruiru kwenda Nairobi bila karatasi ya ruhusa ilikuwa ni kujitafutia jela. "Mama atabaki hapa, Baba. Tutamtunza."

Guka akageuza uso kwa ukuta. "Basi msiniambie mtanirudisha."

Kila mtu alijua maana yake. Akitoka pale, hao wawili hawaonani tena. Mmoja atakufa Nairobi kati ya watu asiowajua, na mwingine atabaki kwenye veranda akiuliza saa ngapi anapelekwa kwa mzee wake.

Mchana huo nilimrudisha Cucu upande wake. Katikati ya veranda akasimama ghafla, karibu nianguke.

"Wewe kijana. Mzee wangu unamwitaje?"

"Baba."

"Na mimi?"

"Mama."

"Hii! Kwa hivyo yule ni baba yako, na kila asubuhi unakuja na beseni unataka kumfunua blanketi uone mahali ulitoka?"

Nikahisi masikio yanawaka. "Ni sheria ya Dresa Mkuu, Mama."

"Huyo Dresa ana wazimu ama ni wewe? Wewe si Mkikuyu? Hukulelewa?"

Ngojeni niwaeleze, nyinyi wa siku hizi. Kwetu mtoto kuona uchi wa baba yake ilikuwa thahu, uchafu wa laana ambao hautoki na sabuni. Lazima mbuzi achinjwe na wazee waseme maneno ya kutakasa. Baba unamwogopa. Hata kiti chake hukalii. Lakini mjukuu ni kitu kingine kabisa. Mjukuu amepewa jina la guka wake, ni rika moja na yeye, anamwita "wakine", maana yake mwenzangu. Mjukuu anamtania guka, anamwibia nyama, anamwita nyanya yake bibi yake, na nyanya anamwita mume. Hakuna thahu hapo. Kati ya hao wawili hakuna cha kufichana.

Sasa mimi nilijua haya yote tangu nikiwa mdogo. Lakini ukivaa yunifomu nyeupe unafikiri mila imebaki getini na baiskeli. Kila asubuhi nilikuwa namwita Baba, halafu nanyosha mkono kwa blanketi. Kwa heshima kabisa nilikuwa namwambia: mimi mtoto wako nimekuja kukuletea laana, jioshe nayo.

"Kifungua mimba wangu, angekuwa hai leo, angekuwa na watoto wakubwa kukushinda," Cucu akasema. "Wewe ni mjukuu. Kuanzia leo mimi ni bibi yako."

"Cucu, mimi sina hata mbuzi wa kukuoa."

"Kwani nani amekuambia una bahati ya kuniacha? Kesho uniingize kule ndani kama mtu ameoa."

Kesho yake nikamwingiza. Nilifunga kitambaa shingoni, nikamshika mkono juu juu, tukatembea kati ya vitanda kama watu wanatoka kanisani. Nikasimama mbele ya kitanda cha Guka na nikapaza sauti.

"Bibi yangu, huyu mzee ni nani? Mbona anakuangalia vibaya?"

Guka akafungua jicho moja.

"Ati nani bibi yako?"

"Huyu. Tumeoana jana hapo kwa veranda."

"Wewe hata ndevu huna."

"Na wewe hata meno huna. Kila mtu na upungufu wake."

Kitanda cha mlangoni, yule wa matusi, akaanza kukohoa kwa kicheko. Guka akageuza uso. "Wangari, huyu anasema ukweli?"

"Ananishika mkono vizuri kukushinda," Cucu akasema, na akajipanga kitini kama malkia.

Mzee aliniangalia muda mrefu. Aliniangalia kuanzia miguu, akapanda mpaka usoni, kama mtu anayenunua ng'ombe. Halafu akasema polepole, "Wakine. Kuja karibu nikuchape."

Nikaenda. Akanichapa kofi kwenye shavu, kofi la mtu hajala, lilikuwa kama jani limeniangukia. Halafu mkono haukuondoka. Ulibaki pale shavuni.

Nikainama. "Guka, niko na beseni. Mgongo wako unanuka, na mimi sitaki bibi yangu akae karibu na mtu ananuka."

"Geuza basi. Lakini ukiona kitu usitangaze."

"Nitangaze nini? Nimesikia siku hizi hakuna kitu."

Alicheka. Wallahi yule mzee alicheka mpaka kitanda kikalia. Mikono ikaachilia blanketi, na mimi nikaweka mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, ile nzima, nikamgeuza ubavu kama nilivyofundishwa. Hapo hapo nikasikia viatu vya jeshi.

"Bwana Karanja!" Dresa Mkuu alikuwa amesikia ile ya mwisho. Macho yamemtoka. "Unamtukana mgonjwa? Mtu yuko karibu kufa, na wewe unamtukana uchi wake? Vua hiyo yunifomu. Twende kwa Matroni."

Nikaanza kufungua kifungo cha kwanza. Lakini Guka aliinua kichwa.

"Huyo haendi mahali. Akienda, narudisha blanketi."

"Baba, amekutukana."

"Hajanitukana. Ni mjukuu. Wewe kwenu hamna guka?"

Dresa Mkuu akasimama. "Tuko naye. Tunamwita kuka."

"Na ulikuwa unamwambia nini, huyo kuka wako?"

Nilimwona akijaribu kukaza uso. Masharubu yakaanza kucheza, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. "Nilikuwa namwambia afe haraka nirithi kukhu, yule bibi yake."

Wadi ililipuka. Yule wa mlangoni akaita maji. Dresa Mkuu alijipangusa macho na kitambaa, na alipomaliza alikuwa mtu mwingine, ama alikuwa yule yule lakini wa Burma, yule wa kazi. Akamuuliza Guka, kwa sauti ya chini, "Na mimi? Mimi unaniona kama nani?"

"Wewe ni mtoto wangu. Kaa mbali."

"Sawa, Baba."

Akaleta skrini, ile fremu ya kitambaa tunayozungushia kitanda, akaisimamisha, na yeye akabaki upande wa nje. Matroni akaja, akaelezwa, akasimama kando yake. Ndani tukabaki mimi, Guka, na Cucu akimshika mzee mkono. Na hapo nikaambiwa kwamba anayekata ule weusi, kidonda kisafishike, ni mimi.

Sikuwa nimewahi kukata kitu isipokuwa nyama ya Krismasi. Makasi zilikuwa zimechemshwa, koleo ndogo zimechemshwa.

"Unaona nini?" Dresa Mkuu akauliza kutoka nje.

"Nyeusi. Ngumu kama ngozi ya kiatu."

"Shika ukingo na koleo, inua. Inainuka?"

"Inainuka kidogo."

"Kata ile iliyoinuka tu. Nyeusi haina uhai, haitamuuma. Ukiona nyekundu, simama hapo hapo. Nyekundu ni yake."

"Na manjano?" nikauliza.

"Manjano wacha," Matroni akasema. "Manjano nafanya kazi yusol."

Yusol ni ile dawa yenye harufu ya klorini. Unalowesha kitambaa, unapakia ndani ya kidonda, inakula uchafu polepole. Nikakata. Nilikuwa nawaambia nje kila ninachoona, na wao wananiambia nifanye nini, na Guka katikati anasema, "Wangari, huyu mume wako ana mikono baridi," na Cucu anajibu, "Vumilia, mwenye wivu." Weusi ukatoka karibu wote. Nilipofika kwenye nyekundu nilisimama. Nikapakia yusol, nikafunga. Nilipotoka nje ya skrini shati lilikuwa limelowa kama nimetoka mtoni. Dresa Mkuu alichungulia sahani ya vile vipande vyeusi, akavigeuza na koleo, akasema neno moja: "Safi." Kwa huyo mtu, hilo lilikuwa medali.

Jioni hiyo Guka aliomba uji. Nikakaa kitini, nikaangalia koo likipanda na kushuka.

Kutoka hapo nikawa mgongo wake. Kila masaa mawili mimi ama kijana mwingine wa umri wangu, kwa sababu sasa wote walikuwa wajukuu na kila mmoja alikuwa ameoa Cucu kwa nguvu. Asiyekuwa na utani mpya hakuwa anageuza. Sisi tulikuwa tunakaa jikoni tukipanga matusi kama watu wanasoma mtihani. Mpishi alituletea mayai ya mzee, maana kidonda hakijai bila chakula.

Daktari aliporudi, na gari la hospitali likingoja nje, mimi ndiye niliyefungua bandeji, Guka amefunikwa vizuri mahali pengine pote. Chini kidonda kilikuwa chekundu, chembe chembe ndogo kama nje ya tunda la forosadi. Hiyo ni nyama mpya. Daktari aliinama karibu, akabonyeza kingo.

"Nani amefunga hii?"

Dresa Mkuu angeweza kusema "sisi". Wakubwa wengi wangesema hivyo. Yeye alipiga hatua pembeni ili nionekane. "Huyu, sir. Karanja."

Daktari akaniangalia, akamwangalia Matroni. "Mzee abaki."

Guka hakujua Kingereza lakini alijua uso. Alimbonyeza Cucu mkono, na Cucu akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kwa hivyo nimebaki na waume wangapi?"

Dresa Mkuu alibadilisha sheria yake wiki hiyo. Hakuiondoa, aliiongeza mbele. Kabla ya kugusa mzee, muulize yeye anakuona kama nani. Kama wewe ni mtoto, tafuta mjukuu. Kama ni mwanamke na wewe unafanana na mkwe wake, usisogee, ita msichana. Kazi ya kupanga wadi ikawa ngumu kidogo, lakini wadi ikanyamaza vizuri. Na Matroni akaanza kuniita kwenye masomo ya wasaidizi wapya, nilale kitandani niwaonyeshe mahali panapouma.

Baadaye nilihamishwa Thika, kwa hospitali, wadi ya wazee iliyo nyuma. Mkubwa wangu huko alikuwa Sista wa Wadi, yaani nesi anayesimamia wadi, mama mweusi wa kwanza niliyemwona na kofia ya usista, mkali kama pilipili mbichi. Kule walikuwa Wakamba, Waluhya, Wajaluo wa viwanda, watu wa mkonge, kila aina. Siku ya kwanza nilimwinamia mama mmoja wa Kikamba, nikamuuliza na adabu zangu zote za Ruiru, "Unaniona kama nani?"

"Kama mwizi," akasema.

Sista wa Wadi akageuka ukutani, mabega yanatingika. Lakini baadaye aliniita ofisini akaniuliza hiyo swali ilitoka wapi. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, na kesho yake nikamsikia akiuliza mzee wa Kisumu swali hilo hilo, na mzee akamjibu vizuri. Huko Thika ndiko nilipandishwa kuwa dresa, na nikakaa wadi hiyo mpaka nikastaafu.

Siku zangu za ofu nilikuwa narudi Ruiru. Guka Mbugua aliishi kushinda matarajio ya kila mtu. Kidonda kilifunga, kikabaki kovu la kung'aa. Tulimfundisha kukaa, halafu kukaa kwenye kiti veranda, na sasa yeye ndiye alikuwa anamngojea Cucu jua likiwa limetulia, amenyoa, amefunga vifungo. Alikufa kwa kifua, msimu wa baridi, amelala ubavu wa kulia, na Cucu yuko hapo kitini. Wajukuu ndio walimwosha. Nilitoka Thika kuja kwa hiyo kazi, na nilipomgeuza mara ya mwisho mgongo wake ulikuwa mzima.

Cucu alimfuata kabla kahawa haijaiva.

Sasa mimi nakaa Makongeni, huko Thika, mzee, naenda polepole, najaribu viti kabla ya kukaa. Vijana manesi wananiletea simu, wananionyesha vitanda vya umeme vinavyogeuza mtu kwa kubonyeza. Vizuri sana. Godoro la upepo linalojipuliza lenyewe, vizuri sana, ningelipata hilo Ruiru ningelala mimi. Lakini wananiuliza siri ya kutunza wazee ni gani, nami sina siri. Nina mikono, na hiyo mikono ilifundishwa na watu watatu: mama mzungu na penseli, mwanajeshi wa Bungoma nyuma ya skrini, na cucu kipofu.

Nimepewa vyeti, viko kwa kabati, panya wanavijua. Mtu akiniuliza nilifanya nini na maisha yangu, sitaji cheti. Namwambia kulikuwa na mzee na bibi yake ambao gari la hospitali lilitakiwa kuwatenganisha, na gari hilo likarudi tupu.